Rangi Inayobeba Chuma

Farasi anayekimbia ni rahisi kuchora kuliko watu wanaokwenda polepole. Mbio zina vumbi, zina singa zinazopepea na kwato zilizo hewani. Jicho la mtazamaji likishayaona hayo linamalizia lenyewe kazi iliyobaki. Lakini mpe mchoraji kundi la wanaume wenye mzigo mmoja mzito, kila mmoja akilazimika kuifuata hatua ya mwenzake, ndipo utakapomjua. Hapo hakuna cha kupeperusha. Kuna miguu, mabega na mzigo, basi. Asipojua uzito unapita wapi mwilini, wanaume wake watasimama wima kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Liu Xiaodong anaujua uzito unapopita. Alizaliwa mwaka 1963 huko Jincheng, mji mdogo wa kiwanda cha karatasi katika mkoa wa Liaoning, kaskazini mashariki mwa China. Akasoma uchoraji wa rangi ya mafuta katika chuo kikuu cha sanaa cha taifa kilichopo Beijing, akahitimu mwaka 1988, na mwaka 1994 akaanza kufundisha hapohapo. Wako wachoraji wa rika lake waliopata umaarufu mkubwa zaidi kwa sura zenye vicheko vikubwa na alama za siasa zinazosomeka kwa mara moja. Yeye amebaki na watu wa kawaida: vibarua, vijana wasio na kazi, wanawake waliochoka, rafiki zake wa utotoni. Na mara nyingi amewachora wakiwa wengi, kwenye turubai zinazojaza ukuta mzima.

Mwaka 2003, baada ya kulitembelea eneo la Magenge Matatu katika mto Yangtze, alimaliza picha iitwayo “Uhamaji Mkubwa wa Magenge Matatu”. Ni turubai nne zilizopangwa pamoja, kimo mita 2, upana mita 8. Vibarua wamebeba chuma kirefu mabegani, wanatembea juu ya ardhi iliyovurugika, na nyuma yao mto umelala kati ya milima.

Chuma hicho hakikutoka hewani. Ujenzi wa Bwawa la Magenge Matatu ulizinduliwa rasmi Desemba 1994. Juni 2003 maji yalizuiwa yakapanda hadi mita 135 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2006 yakafika mita 156, na mwaka 2010 mita 175. Watu zaidi ya milioni 1.2 walihamishwa. Miji ilibomolewa kabla maji hayajaifikia, ili magofu yasije yakawa hatari kwa meli zitakazopita juu yake, na miongoni mwake ulikuwemo mji mkongwe wa Fengjie, pale mlangoni mwa genge la Qutang. Genge hilo Wachina wanatembea nalo mfukoni, maana limechapwa nyuma ya noti ya yuan 10. Sehemu kubwa ya ubomoaji ilifanywa kwa nyundo za mkono. Matofali yalikusanywa, nondo zikachomolewa kwenye zege zikauzwe kama chuma chakavu, na kila kipande kilihitaji bega la mtu.

Mzigo mrefu unaobebwa na wengi una sheria zake, na aliyewahi kubeba nguzo na wenzake anazijua. Mabega hayalingani kimo, kwa hiyo uzito haugawanyiki sawasawa. Aliye mrefu, au aliyekanyaga juu ya kifusi wakati mwenzake ameingia kwenye shimo, hubeba zaidi kwa nukta chache, halafu uzito unamhamia mwingine. Chuma chenyewe hunesa. Bega lililo chini yake huinuka kuelekea sikioni, shingo ikakimbilia upande wa pili. Nyonga hujisukuma pembeni kuwahi mizani, mkono usio na kazi ukatanuka. Hatua zinakuwa fupi na kisigino hakiinuki sana, kwa sababu mguu unaokaa hewani kwa muda mrefu ni mguu unaotaka kuangusha watu wote. Kundi la namna hiyo lina mwendo mmoja, lakini mwendo huo umeshonwa kwa miili inayopingana: mmoja anavuta, mmoja anachelewa, mmoja anasukumwa na chuma kwa nyuma.

Sasa mchoraji afanyeje? Njia ya mkato ni kurudia. Unachora mtu mmoja vizuri, unamwiga mara kumi, unawapanga kwa mstari, mguu wa kushoto mbele. China ilikuwa na uzoefu mrefu wa njia hiyo. Enzi ya Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia 1966 hadi 1976, makundi yalijaa kwenye picha: wakulima, wafanyakazi na askari, wote wakielekea upande mmoja, nyuso zimenawiri. Kanuni ya wakati ule ilitaka picha iwe nyekundu, angavu, na yenye kung’aa. Uso wa turubai ulilainishwa mpaka alama ya brashi ikatoweka, kwa kuwa alama ya brashi ilimwonyesha mtu aliyeishika, na mtu mmoja hakutakiwa kuonekana. Ulaini ule ulikuwa na kazi yake: uliondoa msuguano. Watu kwenye picha hizo wanatembea bila kukanyaga.

Ndiyo maana ukwaru wa rangi ya Liu una maana kubwa kuliko urembo. Kila anapoliacha pigo la brashi lionekane, anamrudishia kila mtu ndani ya kundi ugumu wa mwili wake. Kwa mbali unaona wanaume. Ukisogea, wanaume wanavunjika kuwa mapigo mapana ya brashi bapa, na kila pigo lina mwanzo na mwisho. Pigo linaweza kuanzia chini ya sikio, likateremka shingoni, likaishia nchani mwa bega, na pale linapoishia rangi imejikusanya ikawa ukingo mdogo. Ukingo huo hunasa mwanga upande mmoja na kutupa kivuli upande wa pili. Bega linapata mfupa bila kuchorwa mfupa. Sehemu nyingine, hasa anga na maji, mara nyingi rangi ni nyembamba na brashi imepita kwa kasi, ukiona hata nyuzi za turubai chini yake. Tofauti hiyo ya unene ndiyo inayoipa miili uzito: macho yanakwama kwenye nyama na kuteleza kwenye mto.

Nadhani wengi huona rangi nene wakadhani ni suala la kumwaga rangi nyingi. Rangi ya mafuta ina tabia zake, na anayezipuuza huishia na tope. Haikauki kama rangi ya ukutani inayopoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hunyonya oksijeni ya hewa, yakageuka taratibu kuwa utando mgumu, na palipo na unene kazi hiyo huchukua miezi, pengine miaka. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kufanya kazi papo hapo, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, ana nafasi moja kila mahali. Brashi ikivuka ukingo ambao haujakauka, inakokota rangi ya chini na kuichanganya na ya juu. Bega la mtu likigusana na mgongo wa jirani yake, wekundu wa huyu unaingia kwenye rangi ya udongo ya yule, na wawili hao wanakuwa wameungana kwa alama moja. Ukirudia mara mbili alama imekufa, na ukirudia mara tatu umepata rangi ya kijivu isiyo na jina. Mkono unatakiwa uamue, ushuke, uondoke.

Kinachowezesha haya ni brashi ya manyoya magumu ya nguruwe. Ncha ya kila unyoya imegawanyika, kwa hiyo hubeba rangi nzito bila kuidondosha, na ugumu wake unaiwezesha kuisukuma mbele na kuacha mifereji midogo sambamba nyuma yake. Hapa siwezi kujizuia kutaja jambo moja la jiografia. Chongqing, jiji lililo juu ya Magenge Matatu kwenye mto uleule, lilisifika duniani kwa manyoya ya nguruwe yaliyosafirishwa kwenda kutengenezewa brashi katika nchi za ng’ambo. Na ni Chongqing hiyohiyo iliyojulikana kwa wapagazi wa mizegazega, wanaume wa mashambani waliopanda na kushuka ngazi za jiji wakiwa na mti wa mwanzi begani na mzigo kila ncha.

Liu hakuanza peke yake, na anastahili kusomwa pamoja na waliomtangulia. Mwaka 1955 mchoraji wa Kisovieti, Konstantin Maksimov, alifika Beijing akafundisha katika chuo hichohicho hadi 1957, na kupitia kwake na wanafunzi wake uhalisia wa Kirusi ulikita mizizi. Walimu wa Liu walikulia humo. Na kwa Warusi, picha kuu ya kundi linalobeba uzito ni “Wavuta Mashua wa Volga” ya Ilya Repin, iliyomalizika mwaka 1873: wanaume 11 wamefungwa mikanda vifuani, wanaikokota mashua kandokando ya mto. Repin hakuwaruhusu kufanana. Mmoja ameegemea mkanda kwa mazoea, mmoja anawaza mambo yake, kijana mmoja anajaribu kujinasua. Mto Yangtze nao ulikuwa na wavuta mashua wake, waliozipandisha jahazi kupitia magenge kwa kamba kabla ya injini kuwaondolea kazi hiyo. Vibarua wa Liu na chuma chao wanatembea mahali palepale walipopita hao.

Lakini kuna kitu Liu alikiacha kwa Repin. Wanaume wa Volga wanaelekea mahali, mashua itafika. Kundi la Magenge Matatu linabeba mabaki ya nyumba za watu, wanaubomoa mji kwa ujira wa kutwa, na wengi wao ni wageni waliotoka vijiji vya mbali. Mwendo wao hauna ushindi wowote. Brashi yake inalisema hilo bila kulia: rangi ya ngozi ya jua kali, kaptura zilizofifia, na milima mizuri kupita kiasi isiyomsaidia mtu.

Ukubwa wa picha ni sehemu ya ufundi pia. Mita 8 huwezi kuziona zote ukiwa umesimama karibu. Itakubidi uanzie upande mmoja na kutembea, na unapotembea, mwanga unabadilika juu ya kila ukingo wa rangi; mifereji ya brashi inang’aa, inazimika, inang’aa tena. Miguu yako mwenyewe inaipa picha mwendo. Kwenye kitabu au simu hilo hupotea kabisa: unaona mada na kukosa kazi. Ninawahurumia wanaomhukumu Liu kwa picha ndogo za skrini wakisema ni mwandishi wa habari mwenye brashi. Habari ingetosheka na kamera.

Na kamera inatusaidia kuona tofauti. Picha ya kamera hukata kipande kimoja cha wakati, sehemu ndogo mno ya nukta, na watu wote wamo ndani ya kipande hicho. Kundi lililochorwa kutoka kwa watu hai halikuwahi kuwepo kwa pamoja hata mara moja. Huyu amechorwa asubuhi kabla jua halijapanda, yule mchana akiwa amechoka kukaa, mguu wa mwingine umechorwa siku iliyofuata alipokuwa ameketi vibaya zaidi. Kinachoonekana kama tukio moja ni siku nyingi zilizolazwa kando kwa kando.

Mwaka 2005 Liu alilipeleka jambo hilo la kuchora watu hai mbali zaidi. Badala ya kubaki kwenye studio yake Beijing, alirudi Fengjie na kuchora “Kitanda Moto” mahali penyewe, juu ya paa linalotazama mto. Turubai tano, kimo mita 2 na sentimita 60, upana mita 10. Vibarua kadhaa wamevua mashati, wamekaa kuzunguka godoro, wanacheza karata. Ukiangalia haraka utasema hapa hakuna mwendo. Ukikaa nayo unaona kundi zima limo safarini: mmoja anaegemea mbele kutupa karata, mwingine amejirudisha nyuma kwa kuchoka, magoti yanasukumana, migongo inapishana, na jicho linazunguka duara la miili bila kupata pa kutua. Rangi inafanya kazi ileile iliyofanya chini ya chuma. Nyama ya mapaja iliyobanwa na godoro imepakwa kwa mapigo mazito ya kulala. Mikono yenye karata ni mapigo mafupi, karibu ya kuchokoa.

Mwongozaji filamu Jia Zhangke alikwenda naye, akatengeneza filamu ya hali halisi iitwayo “Dong”, na akiwa hukohuko akapata wazo la filamu nyingine, “Still Life”, iliyoshinda tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2006. Katika “Dong” tunamwona Liu akifanya kazi kwenye joto, mwili wake nao ukipanda na kushuka mbele ya turubai kubwa kuliko yeye. Ni msaada mkubwa kwa anayetaka kuelewa ukwaru wa rangi yake, maana unaona kuwa alama ndefu ile ilihitaji hatua mbili za miguu na bega zima. Na tunaona jambo jingine. Mmoja wa vibarua waliokuwa wakichorwa alikufa kazini, akiangukiwa na ukuta. Liu anasafiri hadi kijijini kwao, milimani, amebeba zawadi za watoto na picha za marehemu. Hakuna anayejua la kufanya na mikono yake chumbani mle. Tangu nilipoiona sehemu hiyo, siwezi kuuita unene wa rangi yake mtindo.

Soko nalo lilimpata. Mwishoni mwa 2006, picha yake nyingine ya mita 10 kuhusu wahamishwa wa Magenge Matatu iliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 22, bei ambayo hadi wakati huo haikuwahi kufikiwa na kazi ya mchoraji wa Kichina wa kizazi chake. Magazeti yalishangilia tarakimu. Tuachane nayo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba, akiwa ameshafika hapo, aliamua kuuliza swali lake upya kwa kuuondoa mkono. Katikati ya muongo wa 2010 alianza mradi aliouita “Uzito wa Kukosa Usingizi”. Kamera zilifungwa kwenye njia panda na viwanja vya miji, zikatuma picha moja kwa moja mchana na usiku. Kompyuta ilizigeuza kuwa mistari ya miili na magari yanayopita, na mkono wa mashine wenye brashi ukaichora mistari hiyo kwenye turubai, wiki baada ya wiki, mstari juu ya mstari. Mwaka 2019 kazi hizo zilionyeshwa London, mashine zikiendelea kuchora mbele ya watu. Mashine haichoki na haichagui. Aliyepita saa tisa usiku akiwa peke yake anapata mstari sawa na waliopita elfu moja mchana. Mwishowe turubai inakuwa kichaka cha mistari, ambamo nyumba zinasomeka kwa sababu hazikutembea, na watu wamekuwa ukungu wa rangi kwa sababu walitembea.

Nimeifikiria sana kazi hiyo, na ninaiheshimu, lakini naona imethibitisha kilichomo kwenye vibarua wa 2003 kwa kukikosa. Unene upo, mashine imeweka rangi juu ya rangi mpaka imevimba. Mwendo upo, mwingi kuliko mtu yeyote angeweza kuuchora. Ila hakuna mahali uzito unapotua. Mstari wa mtu aliyebeba gunia na mstari wa mtu anayekwenda kununua mkate imelala pamoja na kulingana, kwa kuwa mashine iliona mipaka ya miili na haikuhisi kilichoibana. Liu anapochora kwa mkono, brashi inakandamiza zaidi palipobanwa. Mwalimu wa uchoraji wa siku zote angesema hilo linafundishika. Mimi naamini linahitaji mtu aliyewahi kuinama chini ya kitu.

Halafu ukaja mwaka 2020. Liu alikuwa Marekani kwa ajili ya mradi wa kuchora watu wa mpaka wa Texas na Mexico. Janga la korona likamkwamisha New York kwa miezi. Mchoraji wa makundi akajikuta kwenye jiji lililofunga milango. Alitoka barabarani na karatasi na rangi za maji, akachora alichokiona: miti ya majira ya kuchipua, makutano ya barabara, mtu mmoja, watu wawili, nafasi kubwa kati yao. Rangi ya maji haina ukingo wa kunasa mwanga. Inaingia ndani ya karatasi na kuishia humo. Kwa mikono mingine karatasi hizo zingekuwa za kupitisha wakati. Mikononi mwake zinaonyesha mtu aliyekuwa amechagua chombo kulingana na alichokuwa nacho mbele yake, kwa sababu ule unene wa mafuta ulikuwa wa kazi ya mabega yanayogusana, na msimu ule hakukuwa na mabega yaliyogusana. Kazi za mpakani zilimaliziwa baadaye, zikaonyeshwa Dallas mwaka 2021: mafuta juu ya turubai, familia na majirani wamejazana kwenye fremu moja.